Palipoanguka Sipo Palipoharibika

Mnamo Julai 1871, katika tembe moja la Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora, Henry Morton Stanley alilazwa na homa kali iliyompotezea fahamu. Alipoinuka aliendelea na shajara yake kama kawaida. Tarehe zilifuatana, ya leo baada ya ya jana, wala hakuna hata moja iliyoonekana kuwa na kasoro. Septemba akaondoka Kwihara, akazunguka kusini kukwepa vita vya mtemi Mirambo, akafika Ujiji na kukutana na David Livingstone. Kitabu chake kinasema siku hiyo ilikuwa 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linaliweka tukio hilohilo mwishoni mwa Oktoba. Walipolinganisha hesabu zao, wote wawili walijikuta wamepotea: Livingstone kwa miaka ya maradhi na upweke, Stanley kwa zile siku za homa ambazo hakuzihesabu sawasawa. Wanahistoria wangali wakibishana juu ya tarehe yenyewe.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni umbali. Hesabu ya Stanley iliharibikia Kwihara, kasoro ikaja kuonekana Ujiji, baada ya wiki nyingi za mwendo. Mtu ambaye angeshuku shajara ile akaanza kupekua kurasa za Ujiji mstari kwa mstari asingepata kitu, maana kurasa za Ujiji ziliandikwa na mtu mwenye akili timamu na mkono uliotulia. Zilirithi tu kilichoharibikia nyuma.

Watu wanaotengeneza mifumo endeshi ya kompyuta wanaishi na umbali wa namna hii kila siku. Chini ya programu zote tunazozifungua na kuzifunga kuna programu moja inayozibeba nyingine, iitwayo kerneli. Ndiyo inayogawa kumbukumbu ya mashine, inayopanga zamu za kutumia prosesa, inayosimamia diski na mtandao. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa dereva wa bodaboda inaendeshwa na kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Sehemu kubwa ya kerneli hiyo imeandikwa kwa lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ni lugha inayomwamini mwandishi wake kupita kiasi. Akiomba baiti 64 hupewa anwani ya pale zinapoanzia, na tangu hapo yuko huru. Akiandika kwenye baiti ya 65, ambayo ni ya mwingine, C haimkatazi. Akizirudisha baiti zake zote kisha akaendelea kuzitumia, haimkatazi pia.

Tulifuate kosa moja tuone linavyotembea. Sehemu ya kerneli inayoshughulikia kadi ya mtandao inaomba nafasi, inaitumia, inairudisha, lakini kwa uzembe wa aliyeiandika inabaki na anwani ya nafasi ile. Kerneli inaigawa nafasi hiyohiyo kwa sehemu inayosimamia mafaili, nayo inaweka humo anwani ya kitu chake. Dakika zinapita, au siku. Ile ya mtandao inakumbuka jambo, inakwenda kwenye anwani ya zamani na kuandika namba yake. Hakuna kelele, hakuna taa nyekundu. Baadaye ile ya mafaili inarudi kuchukua anwani iliyoiweka, inaifuata kwa imani yote, inafika mahali pasipokuwepo, na mashine nzima inaanguka. Ripoti inayoandikwa wakati wa kuanguka hutaja mafaili kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mtandao hautajwi popote. Aliyeumizwa ndiye anayekutwa na damu mikononi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa programu za kawaida wanasema kweli. Kila programu hupewa eneo lake la kumbukumbu, na ikijaribu kuvuka mpaka kerneli huiua palepale, ikafa peke yake. Lakini ndani ya kerneli wote wamevaa nguo moja. Sehemu ya sauti, ya skrini, ya diski, ya mtandao, zote zinaguswa na mkono wa kila mmoja, na juu yao hakuna wa kuwaambia acheni. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ilionyeshwa maana yake. Programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo hukaa ndani ya kerneli ya Windows, ilipokea faili jipya la maelekezo. Maelekezo yalihitaji kitu cha 21 mahali ambapo programu ilikuwa imeandaliwa vitu 20. Ikanyoosha mkono ikasoma nje ya mpaka, na kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Ndege zikabaki viwanjani na hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Hata hivyo lile lilikuwa kosa jepesi kulisaka, kwa sababu anguko lilitokea palepale kosa lilipotendeka. Yanayokosesha watu usingizi ni yale yanayosafiri.

Kwa nini yanaweza kusafiri? Hapa ndipo ufundi unapogeuka kuwa swali la maana. Baiti ni namba kati ya 0 na 255, basi. Namba 65 inaweza kuwa herufi A, inaweza kuwa umri wa mzee, inaweza kuwa kipande cha anwani au doa la rangi katika picha. Baiti yenyewe haijui ni ipi kati ya hizo. Maana yake imo katika makubaliano kati ya aliyeiandika na atakayeisoma, na makubaliano hayo hayakai ndani ya baiti. Ndiyo sababu baiti iliyoharibika ni baiti halali kabisa. Ukiitazama peke yake huwezi kuitofautisha na nzima, kwa kuwa uongo wa kumbukumbu hauna sura yake. Tarehe za Stanley zilikuwa vivyo hivyo: 1 Agosti ni tarehe nzuri, haina kosa lolote, isipokuwa pengine siku ile haikuwa 1 Agosti.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Ubelgiji. Katika uchaguzi wa Mei 2003, kwenye manispaa ya Schaerbeek, kompyuta ya kupigia kura ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya zile alizopigiwa. Namba hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani biti moja tu katika hesabu yake ilikuwa imegeuka kutoka 0 kuwa 1. Programu ilikaguliwa na haikukutwa na kosa; maelezo yaliyokubalika ni kwamba huenda chembe kutoka anga za mbali ilipita ndani ya kumbukumbu ya mashine. Kinachohusu mjadala wetu ni jinsi jambo lilivyogunduliwa. Hakuna aliyeitazama ile biti akasema hii ni mbaya. Iligundulika kwa sababu mgombea alionekana kupata kura nyingi kuliko zilizowezekana kwa orodha ya chama chake. Hesabu ya pili, iliyokaa mahali pengine, ndiyo iliyoikatalia ya kwanza. Laiti biti iliyogeuka ingekuwa ndogo zaidi, ikaongeza kura 8 badala ya 4,096, mgombea angeondoka nazo.

Wahenga wale wale walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika kumbukumbu isiyo na wa kuikatalia, njia ya mwongo ni ndefu mno, na kazi yote ya wanaosaka hitilafu za kerneli ni kuifupisha. Njia zao ni za kupendeza kuzitazama kwa karibu. Ukiwasha ukaguzi wa kumbukumbu katika Linux, nafasi inayorudishwa haiachwi na vilivyokuwemo. Hujazwa namba moja mfululizo, ikiandikwa kwa mfumo wa kumi na sita 6b 6b 6b 6b, na baiti ya mwisho ni a5. Hakuna siri katika 6b. Ubora wake ni kwamba hakuna atakayeidhania kuwa kitu cha maana, na kwamba katika mashine za kawaida za leo anwani iliyojaa 6b haipo, kwa hiyo anayeifuata huanguka papo hapo badala ya kutangatanga. Mzoefu akifungua ripoti ya anguko na kukuta 6b6b6b6b6b6b6b6b katika moja ya visanduku vya prosesa, hahitaji kusoma zaidi kujua ni kosa la jamii gani: kuna aliyeshika kitu kilichokwisha kurudishwa.

Wakati mwingine mvamizi huacha mwandiko wake. Unatazama mahali palipopaswa kuwa na anwani, unakuta baiti 2f 75 73 72. Kama anwani hazina maana. Ukizisoma kama herufi zinakuwa /usr, mwanzo wa jina la faili. Sasa unajua kwamba aliyepita hapa alikuwa amebeba jina la faili refu kuliko nafasi aliyopewa, likamwagikia kwa jirani, nawe unaacha kumhoji jirani na kuanza kutafuta wenye kubeba majina.

Mwaka 2015, katika toleo la 4.0, Linux ilipokea chombo kiitwacho KASAN ambacho kimeikubali hali ya kibinadamu kuliko vyote. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu kinatenga kando baiti 1 ya kivuli, inayosema ni ngapi kati ya zile 8 zinazoruhusiwa kuguswa. Kila mkono unaotaka kusoma au kuandika hupita kwanza kwenye kivuli. Nafasi zilizorudishwa huwekwa karantini kwa muda ili mwenye anwani ya zamani akirudi akamatwe kabla hazijapewa mwingine. Gharama yake ni kubwa: sehemu moja kati ya nane ya kumbukumbu inakwenda kwa shahidi, na mashine inakuwa nzito, kiasi kwamba chombo hiki hutumika zaidi kwenye majaribio kuliko kwenye kazi za kila siku. Ukweli unalipiwa, na wengi wetu tunaulipia siku za mtihani tu.

Turudi njia ya misafara. Mwezi uleule wa Julai 1871, Stanley akiwa anatetemeka kwa homa Kwihara, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Kongo ya leo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, wino pia. Alikuwa na gazeti kuukuu, The Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869, na kwa wino alitumia rangi ya mbegu za mti wa zingifure. Akaandika juu ya maandishi ya gazeti, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa. Ni katika karatasi hizo alimoandika habari za tarehe 15 Julai, siku ambayo watu wenye bunduki waliufyatulia risasi umati sokoni Nyangwe, wakaua mamia, wengi wao wanawake.

Kadiri miaka ilivyopita rangi ya mbegu ilififia na chapa ya gazeti ikabaki. Kurasa hizo, zilizohifadhiwa Blantyre, Uskoti, zikawa karibu hazisomeki: umbea wa London wa mwaka 1869 unaonekana vizuri, na vifo vya Nyangwe havionekani. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilitoa matokeo ya kuzipiga picha kurasa zile kwa mawimbi tofauti ya mwanga na kuitumia kompyuta kutenganisha wino na chapa. Maneno yakasomeka. Nayo hayakuwa sawasawa na yale ambayo dunia ilikuwa ikiyasoma.

Livingstone alikuwa amenakili habari zake katika daftari kubwa, ambalo watafiti huliita Shajara ya Unyanyembe, kwa jina la nchi iliyokuwa na Kwihara na Tabora. Stanley aliondoka nalo Kwihara, walikokuwa wamerudi pamoja kutoka Ujiji, tarehe 14 Machi 1872, likiwa limefungwa kwa lakiri. Katika kunakili, mambo yalibadilika. Sehemu zilizohusu mwenendo mbaya wa baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe zilipunguzwa makali au kuachwa, na mashaka aliyoyaandika Nyangwe yakawa simulizi lililonyooka. Mwaka 1874 rafiki yake Horace Waller akahariri madaftari ya mwisho ya Livingstone yakachapishwa London kwa majuzuu mawili, akiondoa naye yale aliyoona hayafai. Tangu toleo la Waller hadi picha za 2011 ni miaka 137. Katika muda wote huo simulizi lile lilifanya kazi. Lilitumika katika kampeni dhidi ya biashara ya watumwa, likafundishwa, likanukuliwa. Halikuanguka hata siku moja.

Hapo pana funzo ambalo kila anayesimamia seva analijua kwa uchungu: mfumo usioanguka haujathibitisha kuwa ni mzima. Unaweza kuwa na kumbukumbu iliyoharibika sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuisoma kwa makini. Tena tusijidanganye kwamba karatasi za Nyangwe ni ukweli mtupu na daftari la Unyanyembe ni uongo mtupu. Zote mbili ziliandikwa na mtu mmoja, na mtu ana haki ya kutafakari upya alichokiandika kwa hofu. Thamani ya kuwa nazo mbili imo katika kutokubaliana kwao. Ukurasa mmoja peke yake hukupa habari. Kurasa mbili zinazopingana hukupa swali, na swali ndilo linalokuonyesha pa kuchimba.

Kisa cha tatu kinapita tena Kwihara, nacho kinanizuia nisiseme kwa wepesi kwamba kila kisichoonekana kilivyo kimeharibika. Livingstone alikaa pale akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti 1872, akaelekea kusini, akafariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wafuasi wake Chuma, Susi na wenzao, Jacob Wainwright akiwemo, waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili juani na kuubeba kwenda pwani. Oktoba wakafika Unyanyembe. Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwepo hapo na msafara wake, akawashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Walipoendelea mashariki, huko Kasekera, wenyeji wakakataa maiti kupita katika nchi yao. Basi wakafunga mzigo wa vijiti na nguo kwa umbo la maiti, wakautuma urudi Unyanyembe kama unaokwenda kuzikwa, na waliotumwa wakautupa porini usiku. Mwili wenyewe wakaukunja upya na kuufunga kama mtumba wa nguo, mfano wa mitumba mingine yote ya merikani na kaniki iliyopita njia ile. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Kwa lugha ya C, walichofanya kina Chuma kinaruhusiwa na hufanyika kila siku. Mwandishi huiambia mashine: kitu hiki kichukulie kuwa kitu kile. Ndani ni kingine, juu ni kingine, na kazi inakwenda vizuri alimradi mahali fulani kuna anayejua kilichomo hasa. Kuna aina nzima ya hitilafu za kerneli zinazozaliwa siku ambayo mjuzi huyo hayupo tena: msimbo umebaki, aliyeuandika amehamia kazi nyingine, na kijana aliyeurithi anafungua mtumba akitarajia nguo. Kilichotofautisha hila ya Kasekera na uharibifu ni kwamba ujuzi wa kweli ulisafiri pamoja na mzigo, ukiwa vichwani mwa waliobeba. Waller mwenyewe alilitambua hilo. Alipokuwa anaandaa majuzuu yake aliwahitaji Chuma na Susi waliposafirishwa kwenda Uingereza, wakamweleza yale ambayo madaftari hayakuyasema. Kumbukumbu ya maandishi iliyotukuzwa Ulaya nzima ilikuwa na matundu, na waliokuwa na uwezo wa kuyaziba ni watu ambao majina yao yangeachwa kirahisi.

Halafu kuna mfupa. Mwili ulipofika London, nani angeapa kwamba ni wake, baada ya miezi tisa ya jua, chumvi na kubebwa mabegani mwa watu? Daktari Sir William Fergusson aliuchunguza mkono wa kushoto, akakuta mfupa wa juu ya kiwiko uliovunjika zamani na kuunga vibaya, mahali simba alipomng'ata Livingstone huko Mabotsa mwaka 1844. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey. Sahihi inaweza kughushiwa na daftari linaweza kuhaririwa. Simba hakuwa anaandika ushahidi wa mtu yeyote, na ndiyo sababu ushahidi wake ulikubalika.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Ikiwa kumbukumbu haiaminiki bila shahidi, shahidi naye anaaminika kwa nini? Baiti za kivuli za KASAN zinakaa katika kumbukumbu ileile ya mashine ileile, na mkono mzembe unaweza kuziharibu zenyewe. Alama za ulinzi zinazowekwa ukingoni mwa nafasi, mvamizi mwerevu akizijua anaweza kuziandika upya kana kwamba hajapita. Pingamizi hili ni la kweli na halina jibu la mwisho. Jibu lililopo ni la kiasi: shahidi hahitaji kuwa asiyeharibika, anahitaji asiharibike kwa namna ileile, wakati uleule, na mkono uleule. Kura za Schaerbeek ziliokolewa na hesabu ambayo nayo ilikuwa ndani ya kompyuta. Tarehe za Stanley na za Livingstone zilikuwa zimepotoka zote mbili, lakini kwa kuwa zilipotoka kwa sababu tofauti, zilipokutana zilifichuana. Uhakika tunaoupata duniani unatokana na makosa yasiyofanana.

Ninachokiona kuwa na hekima ya kipekee katika kerneli ni kile inachofanya inapobaini kuwa imepoteza uhakika huo. Inasimama. Wenye kazi hiyo wanaita hali hii taharuki ya kerneli, na mtumiaji anaiona kama balaa: skrini imeganda, kazi ya saa nzima imepotea. Lakini fikiria njia mbadala. Kerneli isiyojua tena kipi ni kweli ndani ya kumbukumbu yake ikiendelea, itaziandika zile namba mbovu kwenye diski, na huko hazitafutika kwa kuzima na kuwasha. Uharibifu wa muda utakuwa wa kudumu, utanakiliwa kwenye akiba, utapelekwa kwenye mashine nyingine kwa jina la ukweli. Kusimama ni kukataa kuandika kile ambacho huna hakika nacho. Baadhi ya mifumo imepangwa hivi: ikianguka, kerneli ya pili iliyowekwa akiba inaamka, na kazi yake pekee ni kuihifadhi picha nzima ya kumbukumbu ya aliyeanguka, pamoja na uharibifu wake wote, bila kurekebisha hata baiti moja. Msimamizi mwenye haraka huifuta picha hiyo kwa sababu inajaza diski. Mwenye busara anajua kwamba ndiyo kitu pekee kitakachomweleza ilikuwaje.

Wapo wanaosema tatizo lote litakwisha kwa sheria. Desemba 2022, katika toleo la 6.1, Linux ilifungua mlango kwa lugha ya Rust, ambayo humkatalia mwandishi makosa mengi ya aina hii kabla programu haijaanza kufanya kazi. Ni hatua njema na nafurahi kuiona. Haitafuta mamilioni ya mistari ya C iliyokwisha kuandikwa, wala haitazuia chembe ya angani kugeuza biti. Sheria hupunguza idadi ya makosa. Yatakayobaki bado yatahitaji mtu wa kuyasaka.

Na katika kuyasaka kuna jaribu moja ambalo ni la wanahistoria pia. Unaongeza mstari wa kuchapa ujumbe ili uone kinachoendelea, na hitilafu inatoweka. Unafurahi, unaacha mstari ule, unafunga kazi. Mabingwa hawakubali. Wanajua kwamba mstari mpya umesogeza vitu kidogo tu, na mkono uliokuwa unaandika mahali pa hatari sasa unaandika mahali ambapo bado hapajasomwa. Hitilafu iliyoacha yenyewe itarudi yenyewe. Kazi haijaisha mpaka maswali matatu yajibiwe: nani aliandika, haki yake ya kuandika ilikwisha lini, na kwa nini ikaonekana pale badala ya pengine. Waller alifanya kama yule mwenye haraka. Alilainisha palipogongana, na simulizi likaacha kugongana, na kila mtu akadhani limepona.

Kwa hiyo nikiulizwa kumbukumbu njema ni ipi, ya mashine au ya watu, sitataja ile isiyo na doa. Nitataja ile ambayo siku ikidanganya kuna kitu nje yake cha kuikatalia: karatasi ya awali isiyotupwa, hesabu ya pili iliyowekwa na mtu mwingine, mbeba mzigo aliyeulizwa na kusikilizwa. Vitu hivyo huonekana ni gharama bure wakati kila kitu kinakwenda sawa, na havipatikani tena siku vinapohitajika. Lazima viwekwe mapema, na mtu anayekubali kwamba ipo siku naye atahesabu vibaya bila kujua.